Picha ya Kiungio cha Juu

Mjane alizikuza picha zote mbili mpaka zikajaza skrini, na bado zilifanana kama mapacha.

Moja ilikuwa eksirei ya kiungio cha chini cha bomba la mvuke, iliyopigwa kabla ya ajali. Nyingine ilikuwa ya kiungio cha juu, kile kilichopasuka na kumuua mume wake. Katika zote mbili palikuwa na vitone viwili vyeusi vya kasoro ndogo vimekaa pamoja, na tone la chuma limegandia pembeni. Mchomeleaji, hata awe fundi wa mafundi, hawezi kukosea vilevile mara mbili.

Hakuhisi kitu. Tangu msiba moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Alikula akiambiwa ale, akalala akiambiwa alale.

Kampuni ya ukaguzi ilikuwa inaachana na filamu. Eksirei za mabomba sasa zilionekana hapohapo kwenye kompyuta, na chumba cha giza kiligeuzwa stoo ya mifagio. Filamu za zamani ziliingizwa moja moja kwenye mashine ya kuzinakili kwenye kompyuta, kisha ziuzwe kwa watu wanaozikamua madini ya fedha. Kazi hiyo alipewa mjane wa mfanyakazi wao, kama mkono wa pole. Wakubwa walimpa na kiti chenye magurudumu.

Enzi za filamu, picha zilitazamwa kwenye sanduku la taa, ikitoka hii inaingia ile. Kompyuta ilizipanga zote mstari mmoja kama nguo kwenye kamba, na hapo ndipo jicho lake liliponasa.

Maana yake haikuhitaji digrii. Aliyetumwa kupiga picha hakupanda juu. Alirudia kiungio cha chini, akabadilisha namba, akaenda zake kunywa chai.

Na wachunguzi wa ajali wakaiamini filamu. Kiungio kilikuwa kizima, walisema, basi kosa ni la mwendesha boila, aliyeacha presha ya mvuke ipande kupita kiasi. Mwendesha boila huyo alikuwa mdogo wa marehemu. Alifukuzwa kazi, ndugu wakampa kisogo. Akija kuwasalimia watoto, mjane alibaki jikoni mpaka aondoke.

Alichukua simu.

"Shemeji, njoo ofisini. Sasa hivi."

Alifika amevaa shati lililokuwa likimtosha zamani. Mjane alimvutia kiti, akamwonyesha picha zote mbili, akamweleza.

"Siyo wewe, shemeji. Tumekuonea bure. Nisamehe."

"Yameshapita."

"Hayajapita! Mtu kaua kwa uvivu wake, na wanaozomewa shuleni ni watoto wako."

Shemeji hakuiangalia skrini. Aliangalia mlango.

"Hizi filamu zinaondoka lini?"

"Lori linakuja kesho. Ila hii meneja ataiona leo."

"Iache iende na wenzake."

"Wewe umelishwa nini? Hutaki jina lako lisafishwe?"

"Lawama nimeizoea, shemeji. Ni kama kiatu kinachobana, mwisho mguu unakubali."

Mjane alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu msiba kitu kilimchoma, na kilikuwa aibu. Mtu huyu alikuwa amepigwa mpaka amesahau kulia. Basi yeye angelia kwa niaba yake, na angeanza kwa kumtaja mwenye kosa.

Kumjua haikuwa kazi. Wapiga picha enzi hizo walikuwa kundi zima, na kila mmoja alikuwa na herufi zake mbili, vipande vya madini ya risasi alivyobandika kwenye bomba ili zitokee pembeni ya picha. Mjane alianza kuivuta picha taratibu kuelekea pembeni, ametulia kama maji mtungini.

Kiganja cha shemeji kiliwahi skrini, kikaziba.

"Nakuomba, shemeji. Wanao bado wadogo."

Mjane aliviondoa vidole vyake kimoja kimoja. Chini yake zilikuwepo herufi mbili, zilezile alizokuwa akimshonea mume wake kwenye kola ya ovaroli.