Namba ya Kafili

Simu ya madam ililia tena sebuleni, na Rosebellah akaganda jikoni, mkono wake ukiwa ndani ya gunia la mchele hadi kwenye kiwiko.

Hakuwa akichota mchele. Alikuwa akihakikisha glavu bado iko chini, kwenye mfuko wake wa nailoni. Ilikuwepo. Akaifunika vizuri, akapangusa mkono, akasikiliza. Madam aliongea kidogo, akacheka, akakata. Haikuwa simu yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, mwaka wake wa pili katika nyumba hiyo ya Al-Safa, Jeddah. Wiki nzima alikuwa akivunja vitu, vikombe viwili na birika la chai, na madam hakumfokea. Alimwambia tu avae viatu, asije akakanyaga vigae.

Kila Ijumaa alasiri Rosebellah alipewa saa nne zake. Alikuwa amesema anaenda mtaa wa Bani Malik kusukwa nywele na binamu yake. Bani Malik alifika kweli, lakini huko alipanda gari la kukodi pamoja na wafanyakazi wengine wa nyumbani na wauguzi, hadi kwenye istiraha moja nje ya mji, uwanja wa nyasi wenye ukuta mrefu ambao familia hukodi kwa mapumziko. Ndani ya ukuta ule walicheza besiboli. Alirudi na nywele zilezile alizoenda nazo, na madam hakuwahi kuuliza. Jioni hizo madam naye alikuwa ametoka kwa mama yake, amechoka, na alichoomba ni kukandwa magoti tu.

Mchezo Rosebellah alijifunza shuleni, Mumias. Hapa alikuwa mrushaji, mdogo kuliko wote, na mpira wake ulipinda ghafla ukikaribia gongo, hata wapigaji wakabaki kucheka wenyewe. Mdakaji wake, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, walimwita Mama Wavu, kwa sababu hakuvua barakoa yake ya nyaya, wala kitambaa cha uso chini yake, hata siku moja. Alifika ameivaa, akaondoka ameivaa, na hakusema neno. Jerioth, rafiki yake Rosebellah, alidai kafili wa mama huyo, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini, alimuunguza uso. Kocha Euphrasia, muuguzi kutoka Bukoba, aliwakataza kuuliza.

Rosebellah na mdakaji wake waliongea kwa vidole. Mama Wavu alivizungushia vyake plasta nyeupe ili vionekane kwa mbali. Kimoja, mpira ulionyooka. Viwili, mpira wa kupinda. Na mikono ya Rosebellah ilipoanza kutetemeka, mama huyo aligonga goti lake mara mbili, polepole: tulia, niko hapa. Tangu aondoke kwao, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemtuliza hivyo.

Mwezi uliopita walikuja watu wa timu kubwa ya wanawake ya Riyadh kuwatazama wakicheza. Waliandika, wakaondoka, wakaahidi kupiga simu. Tangu hapo timu nzima iliingoja simu hiyo.

"Utafanya mazoezi Olaya, kule Riyadh kwenye maghorofa," Jerioth alimtania. "Sisi utatuacha hapa tukisugua masufuria. Usijifanye hutujui, superstar."

Rosebellah alicheka, kisha akauliza simu yenyewe itapigwa wapi.

Kocha ndiye aliyejibu, bila kumtazama. "Kwa kafili, mdogo wangu. Huwezi kwenda Riyadh bila barua ya nyumba unayofanyia kazi. Lazima waanze na wao."

Baba wa nyumba alikuwa kazini Riyadh, akirudi mara moja kwa mwezi. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya watu wa Riyadh ilikuwa ya madam.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Timu ilikuwa na Rispah, mpigaji mzuri sana. Kafili wake alipojua anacheza, Rispah alipelekwa ofisi ya wakala siku hiyohiyo, na ndala za ndani miguuni, bila sanduku. Halas, ikaishia hapo. Hawakumsikia tena. Rosebellah hakujua lipi lilimtisha zaidi, kurudishwa kwao hivyo, au kubaki hapa bila Ijumaa.

Simu ililia tena baada ya adhuhuri. Safari hii madam hakucheka. Alisema naam, naam, akauliza siku, na katikati ya Kiarabu kile cha haraka Rosebellah akasikia jina lake.

Nyayo zikaja jikoni. Madam alimpita, akaenda moja kwa moja kwenye gunia la mchele, akaingiza mkono, akatoa glavu.

"Taali," alisema. Njoo.

Sebuleni alishusha mapazia, kisha akafunga mlango kwa ufunguo. Rosebellah alijitazama miguuni. Alau ana viatu. Maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Madam, nisamehe. Sina binamu Bani Malik."

Madam aliuondoa mfuko wa nailoni, akapangusa chenga za mchele kwenye ngozi ya glavu.

"Riyadh wamepiga," alisema kwa Kiarabu cha polepole, kile alichokitumia naye siku zote ili aelewe. "Wanataka wawili."

Akamrushia glavu. Akarudi nyuma hadi mwisho wa zulia, akakusanya gauni lake, akachuchumaa taratibu kwa ajili ya magoti yake. Akaligonga goti moja mara mbili, kisha akateremsha vidole viwili.