Kiuno cha Mwalimu wa Hesabu

"Usivute tumbo ndani," Fundi alimwambia mumewe. "Tunapima kiuno, hatupimi ujanja."

Mwalimu akaachia pumzi. Mkewe alimzungushia tepu, akabana mwanzo wake kwa kidole gumba pale kitovuni, akamwacha asome mwenyewe. Mwalimu hakuwa mtu wa kusomewa. Alishusha miwani puani, akainama.

"Mia moja na kumi na mbili."

"Ile ile?"

"Ile ile!"

Ilikuwa Jumapili ya kumi na moja tangu amwone daktari. Daktari hakumung'unya maneno: kiuno kishuke kutoka 112 hadi 102, la sivyo moyo utachoka kabla ya mwenyewe. Mwalimu akatangaza mezani, watoto na wakwe wakisikia, kwamba anaacha sukari na atatembea kila asubuhi. Ila siku tepu itakaposoma 102, siku hiyo hiyo atarudi kwenye kiti chake cha mito na chai yake ya vijiko vinne.

"Ukirudi kitini, tumbo nalo litarudi kwao," Fundi alisema.

"Mke wangu, sentimita kumi ndiyo makubaliano. Sizidishi hata moja."

Mwaka juzi Mwalimu alipunguza hivyo hivyo, akakaa kitini hivyo hivyo, na mwezi wa nne Fundi akalala siku tisa kwenye benchi la wodi akisikiliza mtu anavyotafuta pumzi.

Ukutani karibu na mlango wa jikoni Mwalimu alibandika chati. Kila Jumapili aliweka nukta, akaunganisha kwa rula. Mstari ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Hesabu haina shemeji," alisema. "Jibu likigoma, ongeza kazi."

Akaongeza. Mwanzoni alikuwa akienda hadi kwenye tangi la maji: hatua elfu tatu, kila hatua sentimita sabini, yaani mita elfu mbili na mia moja. Sasa alifika darajani, hatua elfu tano, kwenda na kurudi kilomita saba. Kile kilima alichokuwa akikipumzikia mara tatu, siku hizi alikipanda huku akipiga mluzi. Lakini tepu, wapi! Na suruali zake zilimkaa vile vile kama zamani. Hizo Fundi alizifua na kuzipiga pasi mwenyewe. Hakutaka dobi aziguse.

Mambo mawili tu yalimfariji. La kwanza, mkewe alikuwa ameanza kumkumbatia. Kila Jumamosi alimjia kwa nyuma, uzi ukining'inia mkononi, akamzungushia mikono tumboni akatulia kimya kama mtu anayekumbuka jambo. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, hayo hayakuwapo.

"Matembezi yananirudishia ujana," Mwalimu alimnong'oneza kinyozi wake.

La pili, Fundi alikuwa amejiunga na darasa lake la jioni la watu wazima. Kujumlisha alijua tangu zamani. Kutoa ndiko kulikomtoa jasho. Aliazima vidole vya mikono yote miwili. Lakini hakutaka kufuata kitabu kama wenzake. Jumatatu ya kwanza aliomba afundishwe kutoa moja. Ya pili, kutoa mbili. Ya tatu, tatu.

"Na iwe kwa kichwa," alisisitiza. "Bila karatasi, mtu akiwa amesimama mbele yangu."

"Kwa nini usiende na wenzako?"

"Mimi mzito, Mwalimu. Nipe moja moja."

Mwalimu akaligeukia darasa. "Mnamwona huyu? Akifika kutoa ishirini, mimi nitakuwa nimeshazikwa."

"Hilo ndilo nisilolitaka," Fundi alijibu kutoka dawati la nyuma. Darasa zima likaangua kicheko, na Mwalimu akacheka kuliko wote.

Jumatatu ya kumi na moja alijifunza kutoa kumi na moja. Kesho yake Mwalimu alikunja chati yake, akaitia kwapani, akaenda hospitali kumwonyesha daktari kwamba mwili wake umevunja kanuni.

Muuguzi alimpima. "Mia moja na moja."

"Rudia."

Akarudia. "Mia moja na moja, mzee."

"Binti yangu, tepu yako imevutika, ndiyo maana inasoma pungufu. Mke wangu ni fundi cherehani. Anapima watu tangu hujazaliwa."

Daktari akaja na tepu yake mwenyewe. Mia moja na moja. Akamsikiliza moyo kifuani, akamsikiliza tena, akatabasamu. "Mzee, chochote unachokifanya, usikiache."

Mwalimu alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa askari, akipiga hesabu njia nzima. Tepu mbili dhidi ya moja. Basi ya mkewe imesinyaa kwa kufuliwa, masikini, na yeye mwenyewe hana habari! Kiti kilikuwa haki yake tangu wiki iliyopita. Alipofika kwenye kona ya nyumba yao, alikuwa ameshahesabu vijiko vinne vya sukari.

Fundi alikuwa kwenye chumba cha cherehani akimpima mteja wa gauni. Mwalimu alisimama mlangoni, akaisoma tepu kiunoni mwa yule mama. Tisini na nne. Midomo ya Fundi ilicheza kidogo. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari: 83.

"Fundi, umekos—" Mwalimu alianza, ualimu ukimtangulia.

Fundi alikuwa ameachia kidole gumba. Tepu ikaning'inia mkononi mwake, mwanzo wake ukielekea mlangoni, ukingo umekatwa kwa mkasi, safi. Namba ya kwanza kabisa ilikuwa kumi na mbili.

"Tisini na nne, toa kumi na moja," Fundi alisema bila kugeuka. "Nimepata, Mwalimu?"