Viatu vya Mgeni wa Kaboni

"Miti hatukati, mama. Tunanunua hewa yake tu," mgeni wa kampuni ya kaboni alimwambia Damari wakipanda kilima pamoja na mwenyekiti wa kijiji. "Na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga Kilolo."

Hewa! Tangu lini hewa ikawa na mwenyewe?

Walipofika ukingoni mwa msitu wa matambiko, kabla hajaambiwa neno, mgeni aliinama, akavua buti na soksi, akaviweka kwenye jiwe lile lile ambapo ukoo wa Damari huacha viatu. Nyayo zake nyeupe zikaingia kwenye umande bila kusita.

Machale yakamcheza Damari. Akamgeukia mwenyekiti, naye akaanza kutazama mawingu.

"Mwenyekiti, si ulisema tutaamua wote kesho mkutanoni kama tuuze? Huyu nani kamfundisha kuvua viatu hapa?"