Kisigino cha Mkurugenzi

Mkurugenzi wetu alisimama juu ya pipa, ametupa kisogo, macho yamefungwa kitambaa, ili atufundishe kuaminiana kazini.

"Nikiuliza kama mko tayari, mjibu. Nami nitajiachia, mnidake," alitangaza, kwa sauti ya mtu anayezindua daraja.

Chini yake tulikuwa wafanyakazi wanane, mikono mbele, jua likituchoma utosi. Alikuwa amevua viatu kwa heshima ya zoezi. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kisigino kilichungulia pale kama mkaguzi aliyetumwa kutuhesabu.

Katibu muhtasi, aliyekuwa ubavuni mwangu, akaninong'oneza: "Jana kanichapisha barua za kuachishwa kazi. Zinatolewa kesho."

"Ngapi?"

"Nane. Yangu nimeichapa mwenyewe, tena bila kosa hata moja."

Habari ilizunguka upesi. Dereva alikohoa. Mtunza stoo akasema, "Mgongo huu, jamani," akarudi nyuma hatua moja. Mhasibu aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Mko tayari?"

Mikono yangu ilibaki mbele, haijui imfuate nani.

"Jamani, mko tayari au mmelala?"

Katibu muhtasi alijifuta viganja kwenye sketi, akavitia mifukoni taratibu.

"Tuko tayari, bosi," akajibu peke yake, kwa sauti ile tamu anayopokelea simu.

Kisigino kikainuka.