Sampuli za Nungunungu

Alikuwako Nungunungu mchoraji, mama wa watoto wawili. Turubai hakuwa nayo. Alichora kwenye miiba ya mgongoni mwake, nyeupe juu ya nyeusi, kazi safi kweli. Lakini haikumletea hata muhogo mmoja, na watoto walilala njaa.

Akasikia Chui anafadhili wasanii: mwaka mzima wa kula na kulala, kazi yako ni kuchora tu. Akamwendea Mbweha, karani wa Chui.

"Acha sampuli," Mbweha akasema.

Nungunungu akang'oa mwiba mmoja, machozi yakimlengalenga, akauacha. Aliporudi kuulizia, Mbweha akamwambia, "Dada, kamati imeipenda sana. Inaomba kuona nyingine."

Ikawa hivyo kila alipokwenda. Jirani yake Kobe akamwonya, "Shoga, utabaki uchi."

"Wameshaanza kunijua," akajibu.

Alipoutoa mwiba wa mwisho, Mbweha akamfungulia mlango. "Hongera, umepata. Ingia umwone mfadhili."

Chui alikuwa amejilaza. Nyuma yake, ukutani, miiba yote ilikuwa imepangwa vizuri, hakuna hata mmoja uliokosekana. Nungunungu akaisahau baridi ya mgongoni. Maishani mwake hakuwahi kuona kazi yake imetundikwa.

"Kumbe kweli mliipenda, mheshimiwa," akasema, macho hayabanduki ukutani.

"Niliiheshimu," Chui akajibu, akiinuka taratibu. "Msitu mzima, ni kazi yako tu iliyokuwa ikinitisha."

Nyuma yao, Mbweha akaurudishia mlango.