Tovuti ya Waliopotea

"Baba, mashine haisomi barua," dada wa duka la intaneti alisema, akifuta sentensi ndefu ambayo mzee aliihangaikia kwa kidole kimoja. "Weka maneno machache yenye uzito."

Tovuti ilikuwa ya watu waliopotea. Ndugu huweka humo picha za wapendwa wao, kisha hukaa kusubiri.

Dada akaandika: mwanamume, kovu. Nyuso zikamiminika. Mzee alizitazama moja moja, akatikisa kichwa.

"Tupunguze. Jina lake kamili?"

Akalitaja taratibu. Dada akalifunga kwa alama za kunukuu ili litafutwe lilivyo, lisikatwekatwe. Hakuna. Akabadilisha herufi, maana majina kila mtu huyaandika kwa sikio lake. Hakuna. Akaweka mtaa, akachuja kwa mwaka. Patupu.

"Kwani aliondokaje?"

"Kwa hasira. Walikorofishana na mkewe, akabeba begi, akaapa harudi mpaka afuatwe." Mzee alifikicha macho. "Kiburi tu."

"Ana watoto?"

"Watatu. Watu wazima sasa."

Uso wa dada ukachangamka. "Mbona ulikuwa hujasema! Hapa unaweza kutafuta hata kwa jina la aliyetangaza. Watoto hawawezi kunyamaza, baba. Nitajie."

Mzee akaanza na kifungua mimba. Hakuna. Wa pili, hakuna. Alipofika kwa kitinda mimba alilitaja jina mara mbili. Dada akabonyeza, wote wawili wakainama kwenye kioo.

Hakuna.

"Na mkewe?" dada aliuliza, sasa kwa upole.

Hakuna.

Nyuma yao wateja walianza kuguna. Dada hakuwa mtu wa kushindwa upesi, lakini maarifa yalikuwa yamemwishia, na mzee alikuwa amenywea kitini kama aliyenyeshewa. Huruma ikamshika. Akafungua ukurasa mwingine.

"Usikate tamaa. Tumtangaze wenyewe, na pesa yako sitaki. Picha yake tutaipata?"

"Picha si shida."

"Haya. Wanauliza: nani anamtafuta? Nimwandike nani?"

Mzee alikitazama kisanduku kile kitupu. Kisha akavaa kofia, akainuka.

"Acha, mwanangu," alisema. "Nilikuja kuangalia kama yupo anayenitafuta."