Mahali pa Festo

Keekee ya kutobolea mbao ilikuwa imeanza kuingia kwenye ubao wa nyuma wa mtumbwi wakati Mama Festo alipofika kando ya Ziwa Basotu na chakula cha mumewe.

Mumewe aliinama nyuma ya mtumbwi, akifunga vipande viwili vya bomba vya kusimamishia fimbo za kuvulia, ili yeye apige makasia huku mishipi ikikokotwa majini. Kushika fimbo ilikuwa kazi ya mtoto wao Festo, aliyekaa kwenye ubao huo, mpaka siku kiboko alipoupindua mtumbwi na kijana akafa maji.

"Usitoboe hapo, Baba Festo."

Mume hakugeuka. "Nitoboe wapi? Hapa ndipo mishipi inapopita vizuri."

Mama akautazama ukingo wa ubao. Mshipi wa Festo ulikuwa umechimba mfereji mwembamba, laini kama uliopigwa msasa. Akaupitishia kidole. Unga wa mbao uliotoka kwenye keekee ukamganda kidoleni.

"Basi tafuta mtu wa kukusaidia."

"Nani atakubali kukaa hapa sasa?"

Mama aliweka chakula chini. Akakunja kitenge, akaingia kwenye maji ya baridi. Maishani mwake hakuwahi kupanda mtumbwi. Alijivuta juu kwa shida, akaukalia ule ubao wa nyuma.

"Nipe fimbo."

Mumewe alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama Festo, hujui kuogelea."

"Festo alijua."